Kisima cha Mama Somoe

Habari za kifo cha Mapunda nilizipata kwenye simu, nikiwa nimekaa barazani kwangu Nambambo nachambua mbaazi. Mpwa wake aliandika maneno machache, kisha akapanga chini yake vile vikatuni vya njano vinavyotoa machozi, mstari mzima. Nikapandwa na hasira. Mtu mzima amekufa, we unanitumia vikatuni! Halafu nikafikiri kwamba marehemu mwenyewe asingeshangaa, maana hata machozi yake ya kweli watu waliyaona ni mchezo. Nikaweka ungo chini nikalia kwa sauti, mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo, nimeibiwa, akaenda kutazama kuku.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule nyingi za Nachingwea na Ruangwa, na nikienda sokoni nasalimiwa hata na wale niliowachapa. Lakini mji ulionifanya niwe mtu wa huku ni Namilembe, na nilikaa pale mwaka mmoja na kipande. Ukienda leo utaona mnara wa simu, bomba la maji kila mtaa na vijana wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao. Mto huuoni mpaka uulizie. Nyumba mpya zote zimeangalia barabara na kuupa mto mgongo, na huko nyuma ndiko wanakotupa takataka. Enzi zetu ilikuwa kinyume. Baraza za maduka, mashine ya kusaga, soko, vyote vilitazama mtoni, kwa sababu mto ndio uliouzaa mji. Watu waliokuwa wakitoka Nachingwea na mizigo kwenda Ruangwa walifika pale, wakikuta maji mengi wanasubiri, na wanaosubiri wanataka kula na kulala. Mama mmoja akauza uji, mwingine ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, mwenye mtaji akafungua duka la chumvi na vitambaa, wakajenga msikiti, na kivuko kikawa mji. Wakoloni walipoleta mradi wao wa karanga na reli, kisha mradi ukafa na reli ikang'olewa, Namilembe waliokota vyuma. Kipande kimoja kilikuwa kengele ya shule yetu. Kingine Mama Somoe, mwenye nyumba niliyokaa, alikitumia kuzuia mlango wake usifunguliwe na mbuzi.

Nilifika mwezi wa kwanza, mto umejaa, msichana wa Singida ambaye alikuwa hajawahi kuona maji mengi kiasi kile yakitembea. Nilivushwa kwa mtumbwi nimefumba macho na kukumbatia sanduku langu la bati. Upande wa pili, mwanamke mrefu wa rika langu alisimama amejishika kiuno ananicheka. "Mwalimu wee, fumbua macho, umeshafika!" Huyo ndiye Somoe. Mwalimu mkuu alikuwa amenipangia chumba nyumbani kwa mama yake Somoe, mjane aliyekaa na huyo binti tu. Somoe alijitwisha sanduku langu kichwani bila kuniuliza, akatangulia, na njia nzima akawatangazia watu kwamba mwalimu mpya anaogopa maji, wanafunzi watafurahi kweli.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, kimeza na dirisha la ubao lililotazama uwanjani. Ukuta wa udongo haukufika juu. Kati yake na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha kichwa, kwa hiyo maneno ya nyumba ile yote niliyasikia, nipende nisipende. Nilisikia Mama Somoe akizungumza Kimwera na wenzake, kicheko kikitangulia maneno. Nilisikia mchi, nikasikia kisamvu kikitwangwa, na baada ya muda nikaijua hata sauti ya sufuria ya mbaazi inapokaribia kuungua. Jioni tulikula sote uwanjani, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Niliudharau ugali ule kwa mara ya kwanza tu. Leo ukiniwekea wali wa aina yoyote pembeni yake, nachagua ule ugali.

Na kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nilisikia sauti ya Mapunda.

"Hodi mkwe! Mke wangu ameamka au bado anakoroma?"

"Mkwe wa nani?" Mama Somoe anajibu bila kuacha kufagia. "Mahari gani umeleta wewe, panya wawili wa kukaanga?"

"Na mkawala! Mifupa sikuiona!"

Siku ya kwanza nilitoka mbio nikidhani pana ugomvi. Nikakuta kijana mwembamba, bega moja limepanda juu kwa kubeba magunia, nyusi nyeupe kwa unga. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga, Mngoni kutoka Songea, Mkatoliki, hana ndugu pale. Somoe alikuwa mlangoni, kitambaa hakijakaa vizuri kichwani, anamwiga anavyotembea na lile bega, na Mama Somoe amejishika tumbo kwa kucheka. Nikaelezwa kwamba Wangoni na Wamwera ni watani. Babu za hawa walipigwa na babu za wale, vita vikaisha, ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akabeba kuku wako, akamwita mama yako mchawi, na huruhusiwi kukasirika. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kukuigiza. Anajipaka matope, anatembea ulivyotembea, anakohoa ulivyokohoa, anazuia jeneza mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka kidogo, wanapata nguvu ya kuzika. Mama Somoe aliniambia nyumba iliyozika bila mtani, msiba haumaliziki humo.

Kwa hiyo kuzikana kulikuwa wimbo wao wa kila siku. "Nitakuzika kwenye jamvi la kuazima," Mapunda anamwambia Somoe. Somoe naye: "Utatangulia wewe. Nitajipaka unga mpaka kwenye kope, nilale kaburini mwako, wanibembeleze nitoke!" Kisha anamwekea ugali. Maana mtani huyo alikula pale karibu kila jioni, na Mama Somoe akimkosa alituma mtu mashineni kuuliza kama yule mwizi wa kuku amekufa.

Sikumbuki ni lini nilianza kuona. Labda ni kwa sababu mimi sikuwa mtani wa mtu pale, nilikuwa natazama tu. Niliona kwamba Somoe akipita na beseni la mahindi kwenda mashineni hurudi na unga laini kuliko wa mtu yeyote, umesagwa na kurudiwa. Niliona kwamba Mapunda akimtania Mama Somoe anamtazama Mama Somoe, lakini akimtania Somoe anatazama chini. Jioni moja, mboga ikiwa ni samaki wa mtoni, wakubwa, aliowaleta yeye, aliosha mikono, akakaa vizuri, akasema, "Mkwe, nisikilize. Leo sitanii. Nataka kumwoa Somoe."

Ee Mungu wangu, walivyocheka! Mama Somoe alilala chali kwenye mkeka. Jirani alichungulia kwenye ua kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka, akaenda kumwambia mwingine. "Leo sitanii" ndiyo yalikuwa maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuyasema. Somoe alifuta machozi kwa pindo la kanga, akasema, "Mtani, umeshinda, leo umeshinda, kula samaki wako." Na Mapunda akafanya nini? Akacheka nao. Angefanyaje? Mtu ambaye kila asubuhi ameita mama wa watu mkwe na binti wa watu mke, siku akiyasema kwa dhati, anatumia maneno gani mengine? Hayapo. Alikuwa ameshayamaliza.

Alijaribu tena, na tena wakacheka, na utani ule ukawa maarufu mpaka sokoni watu wanamsalimia, "Bwana harusi, leo hutanii?" Basi siku moja ya Jumapili alikuja chumbani kwangu, amevaa shati la kanisani, akakaa juu ya sanduku langu la bati. Nikamwekea chai, hakuigusa. "Mwalimu," akasema, "wewe si mtani wao. Wewe ukisema jambo, linakuwa jambo. Nenda ukanisemee." Nilimwuliza kuhusu dini. Akasema ameshafikiri, na kwamba hilo atazungumza na mjomba wa Somoe, maana huku mwenye kauli juu ya binti ni mjomba. "Lakini kwanza yeye ajue. Akinikataa, anikatae mimi. Asikatae mchezo."

Kufikia hapo ilikuwa kiangazi. Mto wa Namilembe kiangazi hukauka juu, ukabaki mchanga mweupe mtupu, na maji yapo chini yake. Kila nyumba huchimba kisima chake mchangani. Unachimba, unazungushia vijiti vilivyosukwa ili mchanga usiporomoke, na kadiri jua linavyozidi maji yanashuka, nawe unafuata chini, mpaka mwisho wa kiangazi mtu akiingia kuchota humwoni kichwa. Mvua zikija, mto unavifuta vyote, na mwaka unaofuata mnaanza upya. Sasa, huku mwanamume akioa anahamia kwa mkewe, na kazi yake ya kwanza inayotazamwa na mji mzima ni kisima cha mama mkwe. Nyumba yenye mkwe utaijua kwa kisima chake. Ya Mama Somoe haikuwa na mkwe, kwa hiyo tulichimba wenyewe, yeye, Somoe na mimi, na kisima chetu kilikuwa kibaya kuliko vyote, kimepinda, tukachekwa.

Nilimwambia Somoe hapohapo kisimani. Yeye alikuwa chini anachota kwa kata, mimi juu napokea ndoo. Nikasema, "Mapunda amenituma. Anataka kukuoa, kweli." Akacheka kule chini, kicheko kikatoka na mwangwi. "Amekutuma na wewe! Mtani huyu hana haya." Mimi sikucheka. Halafu akainua uso akanitazama, nikaona amebadilika.

"Alikuja lini?"

"Jumapili. Baada ya kanisa."

"Alikaa wapi?"

"Juu ya sanduku."

"Alikuwa anacheka?"

"Hata chai hakunywa, Somoe."

Akachota maji kwa viganja akanawa uso, mara nyingi, na mimi sikujua kama ananawa au analia. Alipopanda juu alikaa mchangani, miguu imening'inia kisimani. "Haki ya Mungu," akasema, "mimi nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu." Nilimkumbatia na maji yake yote. Tulicheka mpaka wenye visima vya jirani wakauliza mtani amesema nini tena. Kisha akawa mtu wa mipango. Sisi tusimwambie mama, wala Mapunda asiseme neno, maana akisema mwenyewe watacheka tena, tumekwisha. Mjomba yuko Chinongwe na mikorosho yake, atakuja akishauza, kama kila mwaka. Akifika, mimi ndiye nitakayesimama mbele yake, mgeni, mwalimu, asiye na mtani. "Na mwambie Mapunda, kiangazi kijacho kisima cha mama atachimba yeye. Watacheka. Lakini maji yake watakunywa."

Miezi ile iliyofuata ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuiona kwa watu wengine. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Mapunda alipita asubuhi kuuliza kama mke wake anakoroma, Mama Somoe akamtukana, Somoe akaiga bega lake. Ila sasa utani ule ulikuwa na watu watatu wanaojua, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alipomwita "mke wangu" mbele ya mama yake, Somoe alijibu "abee mume wangu" kwa sauti nyembamba ya kuchekesha, na mji mzima ukacheka, na wao wakawa wameambiana mbele ya watu wote. Nilikuwa nageukia ukutani nisionekane uso. Harufu ya mabibo ikaanza, watu wakaokota korosho, malori yakaja. Somoe akawa anauliza kila mtu anayetoka Chinongwe, mjomba ameshauza?

Siku ile palikuwa na jua kali, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, wengine walisema Likunja, wengine mbali zaidi, sisi hatukuiona. Nilikuwa darasani. Nikasikia kengele yetu ya kipande cha reli inapigwa, si kwa mpigo wa shule, inapigwa ovyo, mfululizo. Watoto wakajua kabla yangu. "Mwalimu, mto!" Tulipofika ukingoni, mchanga haukuwepo. Pale tulipokuwa tukikaa na ndoo palikuwa maji ya kahawia yanakwenda kwa kasi, yamebeba matawi na majani, na wanawake ukingoni wanaitana majina. Kila aliyeitwa aliitika. Mama Somoe aliita la mwanawe, akaita, akaita. Jirani yetu alikuwa amesimama ameunyoosha mkono wake mbele, anautazama. Alisema Somoe alikuwa chini kisimani anachota, yeye alimpa mkono, wakashikana, halafu maji yakafika.

Wanaume walifuata mto kwa pande zote mbili. Mapunda alitoka mashineni bila kuizima mashine, mtu mwingine ndiye aliyekwenda kuizima. Somoe alipatikana kesho yake mchana, si mbali, kwenye mizizi ya mti uliolalia maji. Mapunda alikuwa ameshapita hapo gizani bila kumwona, akaendelea kushuka na mto, mbali sana, anamwita. Wanawake wakamwosha. Nilishika kitambaa. Akavishwa sanda, jeneza la msikitini likaletwa uwanjani, pale tulipokuwa tukila. Wazee wakataka kuondoka, lakini Mama Somoe akakataa. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, macho makavu, hajalia wala hajasema tangu jana. Akasema neno moja tu. "Mtani."

Basi tukamngoja. Na alipoingia kwenye ua, nilisikia wanawake wakishusha pumzi. "Amefika! Mtani amefika!" Alikuwa amejaa matope ya mtoni, yamemkaukia usoni mpaka yakawa meupe, shati limechanika, kiatu kimoja hakipo. Mtu angesema amejipaka, amejiandaa kwa kazi yake. Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba amepatikana. Alikuwa anarudi kuomba watu zaidi wa kutafuta. Akaliona jeneza. Akasimama. Lile bega lake likashuka, likawa sawa na lenzake, sijawahi kuliona hivyo kabla wala baada. Akaenda mpaka kwenye jeneza akapiga magoti, akaliwekea mikono yote miwili.

"Somoe," akasema. "Mke wangu. Amka twende nyumbani, mke wangu." Na akalia. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, machozi yakachora mistari kwenye yale matope.

Wakacheka. Mwanamke mmoja alianza, akajiziba mdomo, mwingine akamfuata, kisha ua mzima. "Mwoneni! Analia kama mume!" "Mjane huyo, mshikeni asije akajitupa!" Na Mama Somoe, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu jana, nikamwona mabega yanaanza kutikisika. Akacheka. Akainua mkono wake akamwonyesha kidole. "Mahari hukuleta," akasema, "unamlilia nini?"

Mapunda akageuka akamtazama. "Ningeleta, mkwe."

Hapo ndipo walipocheka zaidi, na katikati ya kicheko kile Mama Somoe akapasuka, akalia, hatimaye akalia, wanawake wakamdaka. Mzee mmoja akampiga Mapunda begani kwa upole, akamwambia, "Vizuri, mtani, umefanya kazi nzuri, sasa tupishe." Wakambeba Somoe wakaenda. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya mlango, nataka kupiga kelele kwamba nyamazeni, huyu mtu hatanii, na sauti haikutoka. Nilimkuta Mapunda baadaye nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Wamecheka?" akaniuliza.

"Wamecheka."

"Na mkwe amelia?"

"Amelia."

"Basi." Akajifuta uso kwa mkono wa shati, matope yakaenea tu. "Usiwaambie, mwalimu. Ukimwambia mama yule sasa, atajua alimcheka nani. Hawezi kubeba yote mawili." Nikamwahidi. Mjomba alifika kutoka Chinongwe baada ya siku chache, akakuta msiba umeanuliwa, nami sikuwa na la kusimama mbele yake.

Niliendelea kukaa katika chumba kile. Jioni tulikula wawili, na mchi nikawa natwanga mimi. Mapunda aliacha kupita asubuhi kwa muda, halafu akarudi, ila sasa alibisha hodi tu, "Hodi mkwe," bila kuuliza kama kuna anayekoroma. Kiangazi kilipofika, mto ukakauka tena, tuliteremka na Mama Somoe na majembe yetu, tukakuta kisima kimeshachimbwa. Kilikuwa kirefu, kimesukiwa vijiti safi, kimenyooka, kizuri kuliko vyote mtoni. Mapunda alikuwa amekaa ukingoni anasubiri. Watu wa visima vingine wakaanza, "Bwana harusi! Mkwe amechimba!" Mama Somoe akatikisa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Mtani, bado tu unatania?"

"Bado, mkwe."

Akashusha ndoo yake akachota. Mwaka ule nikahamishiwa Nachingwea, na huo ndio mwaka wangu wa Namilembe.

Nilikuwa napita kuwasalimu kila nilipopata nafasi, na kila kiangazi nilikuta kisima. Nywele za Mapunda zikawa nyeupe bila unga. Hakuoa. Watu walikuwa na maelezo yao: mara ana mke Songea, mara ana kasoro, mara ni mbahili. Mashine ikabadilishwa ikawa ya umeme, akabaki nayo. Watu wakahama kandokando ya mto wakasogea barabarani, visima vikapungua, halafu bomba likaja mpaka mlangoni kwa Mama Somoe, visima vikaisha. Kikabaki kimoja. Mzee mzima, bega limepanda, anashuka mtoni peke yake na jembe kuchimbia nyumba yenye bomba. Vijana walikuwa wanampiga picha kwa simu.

Tulimzika juzi, upande wa makaburi ya Wakatoliki. Nilikaa kwenye mkeka wa wafiwa kwa sababu mpwa wake aliniomba, walikuwa wachache waliotoka Songea. Watani Wamwera walikuja wengi, nao walikuja wamejipaka unga, mpaka kwenye kope. Kijana mmoja alipandisha bega akatembea kama yeye, sawasawa kabisa, na watu wakavunjika mbavu. Mwingine alijilaza kwenye udongo wa kaburi, akidai hatoki mpaka asagiwe bure. Nilijaribu kucheka, maana ni heshima. Nilishindwa.

Ndipo Mama Somoe akafika. Amekuwa mdogo, amepinda, fimbo mkononi, kanga nyeusi. Hakuwa na unga hata chembe. Watani wakamwita, "Bibi, njoo huku! Watani tuko huku!" Hakugeuka. Alipita katikati yao taratibu mpaka kwenye mkeka wetu, akavua kandambili.

"Nipisheni nikae," akasema. "Nimekuja kumzika mkwe wangu."

Kicheko kilichotoka pale kilifika barabarani. Mpwa wa Mapunda mwenyewe alicheka, akasogea kumpa nafasi, akisema bibi huyu ni kiboko, katushinda wote. Nikamshika mkono nikamkalisha karibu yangu. Ulikuwa mkono mwepesi, umekauka. Nilitaka kumwuliza alijua lini, lakini akanijibu kabla sijauliza, akiwa analitazama jeneza.

"Bomba liko mlangoni," akasema polepole, "na mtu bado anachimba. Mtani gani huyo?"

Nyuma yetu walikuwa bado wanacheka, mmoja anamwiga anavyovua kandambili. Nikageuka niwanyamazishe, safari hii sauti ninayo, nimeshatumia sauti hii kunyamazisha madarasa mengi. Akanivuta kanga.

"Waache wacheke, mwalimu," akasema. "Na mimi nilicheka."